Ghorofa ya Kumi na Moja Imepangishwa

"Ulimwona uso?" Inspekta aliuliza.

"Nilimwona mkoba," akajibu mlinzi wa mlango wa nyuma. "Ule mkubwa wa manjano. Mchana aliingia nao, jioni akatoka nao."

"Mzee wangu, sijakuuliza mkoba. Nimekuuliza uso."

Mlinzi akajikuna shingo. Aliona jibu lake zuri limekataliwa bure. Akaeleza tena, polepole, kwamba yule mama alikuwa amejitanda mtandio, amempa mgongo, akapanda basi dogo jeupe pamoja na wafanyakazi wengine, basi likaenda zake. Wafanyakazi wa wapi? Wa ofisi za juu, wangekuwa wa wapi tena?

Kituoni Inspekta huyu walimwita Shangazi, na wala si kwa mapenzi matupu. Alikuwa na ile tabia ya kuuliza jambo moja mara tatu kwa sauti ya upole mpaka mtu anatamani kukiri hata kosa la jirani yake. Leo hakuwa na muda wa mara tatu. Aliyepotea alikuwa mthamini wa majengo, mwanamke wa makamo, aliyetumwa na benki jana kuja kuangalia kama jengo hili lina wapangaji kweli. Aliingia, hakurudi nyumbani. Simu yake iliita mpaka jua likazama, kisha ikazimwa, na mara ya mwisho mtambo wa simu ulipoinasa ilikuwa sokoni, upande wa pili wa mji. Sajini alikuwa huko tangu asubuhi akipekua vibanda.

Mume wa mthamini, kinyozi mmoja mwembamba, alikuwa kwenye kiti cha mapokezi, amepakata chupa ya chai. Ndani hamkuwa na chai. Mlikuwa na barafu na dawa.

"Afande, mke wangu ana sukari," alimwambia Shangazi kwa mara nyingine. "Anadungwa sindano asubuhi na jioni. Jioni ya jana imepita, asubuhi ya leo ndiyo hii inapita. Daktari alishatuambia, akikosa siku nzima, maji yakamwishia mwilini, hatuna mtu."

"Hajawahi kulala nje?"

"Yule? Yule hata kwa mama yake halali." Akameza mate. "Hajatoka humu. Simu kupatikana sokoni si hoja. Sokoni anaenda kufanya nini bila kuniambia nimwachie orodha ya vitu?"

Shangazi hakucheka, ingawa siku nyingine angecheka. Alimshika bega, akamwambia atulie hapo hapo, asiende popote. Kinyozi akasema aende wapi.

Meneja wa jengo alishuka kwa lifti akiwa na tabasamu lililomtangulia. Suti imenyooka, manukato yamejaa mapokezi yote. Alikuwa mtu wa kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa na wewe ukashukuru.

"Inspekta! Pole na kazi. Mimi mwenyewe sikulala, nasema kweli. Lakini yule dada alimaliza ukaguzi wake, tukaagana vizuri, akashuka. Mlinzi amemwona."

"Mlinzi ameona mkoba."

"Basi, si ndiyo yeye?"

"Nataka kupita ghorofa zote."

Tabasamu likapungua kidogo, likarudi. "Leo? Leo mchana watu wa benki wanakuja kusaini mkopo wa jengo la pili. Nina wageni, Inspekta."

Jengo la pili kwa sasa lilikuwa shimo. Shangazi alikuwa ameliona kupitia kioo, shimo kubwa pembeni ya hili jengo, limezungushiwa mabati, winchi imesimama juu yake ikingoja pesa. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Kila unapogeuza shingo kuna mnara mpya unapanda, na kwenye kila mnara uliokwisha panda pametundikwa bango refu la OFISI ZINAPANGISHWA, na mabango mengine yalikuwa yamepauka kwa jua hata herufi hazisomeki. Waliendelea kujenga tu. Hapa peke yake ndipo hapakuwa na bango.

"Wenzenu wote wanalia hawana wapangaji," Shangazi alisema. "Nyinyi mmejaa?"

"Pomoni. Ni huduma, Inspekta. Mteja ukimjali, anakuja na mwenzake." Meneja akashusha sauti, akaweka mkono kifuani. "Na ndiyo maana nakwambia, humu msihangaike. Mtu hapotei kwenye jengo lililojaa. Kila ghorofa ina watu. Yule dada angezimia, angeanguka, angefanya nini, si wangemwona?"

Hoja ilikuwa nzuri. Shangazi aliigeuza kichwani akakiri kwamba ni nzuri, akaingia kwenye lifti hivyo hivyo.

Ghorofa ya tano ilikuwa kampuni ya bima. Mlango wa kioo, kibao cha shaba, dada wa mapokezi aliyesema karibuni kwa sauti ya kuimba. Nyuma yake watu walikuwa wameinamia meza. Mmoja wao, kijana wa tai ya waridi, alikuwa akiongea na simu ya mezani kwa ukali, anamkatalia mteja jambo fulani. Shangazi aliuliza kama kuna aliyemwona mthamini jana. Wote walimwona. Wote walisema alikuwa mchangamfu. Walisema kwa neno hilo hilo, mchangamfu, na wa tatu alipolitamka Shangazi akafunga daftari lake.

Kutoka hapo Meneja hakuwa na haraka tena. Alisimamisha lifti ghorofa ya saba kumwonyesha mandhari. Akamweleza vioo vilitoka wapi, marumaru yamekaa miezi mingapi kwenye meli, mpaka Shangazi akamwuliza kama anamuuzia jengo.

"Ikiwa unataka, tuzungumze," Meneja akasema, akacheka peke yake.

Walipofika ghorofa ya tisa, kampuni ya washauri wa biashara, kiyoyozi kilikuwa kinavuma kama kawaida na dada wa mapokezi alikuwa na jasho puani. Si yeye tu. Mzee mmoja kwenye meza ya kona alikuwa anahema mdomo wazi, mkono ubavuni, kama mtu aliyekimbilia basi likamwacha. Na kwenye meza ya dirishani palikuwa na bwana mnene aliyevaa tai ya waridi. Tai ile ile, shingo nyingine.

Shangazi aliuacha uso ulivyo.

"Na juu zaidi?" aliuliza.

"Ya kumi ni mawakili, wapo kikaoni. Ya kumi na moja imepangishwa yote, kampuni ya nje, hawapendi wageni. Ufunguo wanao wenyewe."

Hapo simu ya Meneja ikalia. Akasikiliza, akajibu ndiyo mzee, ndiyo mzee, akaikata. "Watu wa benki wamefika mapema. Nisamehe, Inspekta, nashuka kuwapokea. Lifti itarudi kukuteremsha."

"Nenda. Mimi niko chooni mara moja."

Hata hakujua kama Meneja alimsikia. Lifti ilikuwa imeshaanza kujifunga.

Chooni harufu ilimpokea mlangoni. Haikuwa ya uchafu wa mtu. Ilikuwa harufu ya karo la maji machafu, ile inayopanda bombani pasipo maji. Shangazi aliijua vizuri sana, kwa sababu nyumba ya marehemu mama yake ilipofungwa baada ya msiba, walipoifungua ilinuka hivyo hivyo. Choo kisichotumika, maji yaliyokaa kwenye shingo ya bomba hukauka, na hewa ya karo inapata njia. Alifungua bomba la kunawia. Likakohoa, likatoa kutu kidogo, basi. Watu wote hao wenye jasho hapo nje, wanatoka jasho bila kunawa? Wafanyakazi wa ofisi wanaofika kazini, wanaondoka, wasiende haja hata siku moja?

Hakuna mtu anayefanya kazi hapa, alijiambia. Ni watu wale wale, wamebadilishana tai na viti. Sisi tunapanda kwa lifti tunaonyeshwa mandhari, wao wanapanda ngazi chapuchapu wanatangulia kukaa.

Akatoka haraka kwenda kuwashika.

Ofisi ilikuwa tupu. Taa zimezimwa, kiyoyozi kimenyamaza. Viti vilikuwa vimesukumwa nyuma ovyo. Akakimbilia mlango wa kioo, na nyuma ya kioo geti la chuma lilikuwa limevutwa na kufuli linaning'inia kwa nje. Aliita. Akaita tena, akagonga geti kwa kiganja mpaka kiganja kikawaka moto. Mbali, chini kwenye ngazi, alisikia miguu mingi ikishuka na mtu akicheka, kisha mlango ukabamizwa, kisha kimya.

Akaelewa: wageni wamefika chini, na watu hao wamekimbizwa ghorofa ya tano kuwapokea. Wanapotoka wanazima umeme, wanafunga geti viti visiibiwe. Ndiyo mazoea yao. Kila mmoja amedhani Inspekta ameshuka na Meneja.

"Ala! Mimi?" Shangazi alisema kwa sauti, mwenyewe kwa mwenyewe. "Mimi nifungiwe?"

Alinyanyua simu ya mapokezi. Ilikuwa nyepesi, na waya wake ulipita chini ya meza ukaishia hapo, umefungwa fundo kwenye mguu. Simu ya pili vilevile. Kompyuta zilikuwa vioo vitupu, nyuma hamna kitu. Alifungua kabati la mafaili akakuta mabango yaliyokunjwa, OFISI ZINAPANGISHWA, mapya kabisa, yamefichwa humo. Akaenda dirishani. Chini barabarani watu walipita na shughuli zao, wengine walisimama hata kutazama jengo, lakini vioo hivi vilikuwa vya kujitazamia. Mtu wa nje anaona mawingu na uso wake mwenyewe. Alitwaa kiti akakirusha kwa nguvu zake zote, kioo kikakirudisha, kikamgonga muundini.

Joto lilianza kupanda. Hofu ikamshika, na haikuwa hofu ya kujifanya. Tangu utoto hakupenda vyumba visivyofunguka. Akakaa chini ukutani akajilazimisha kuvuta pumzi. Simu yake ya mkononi ilionyesha kijiti kimoja cha mtandao, kikapotea, kikarudi, kikapotea. Vioo vile vile vya fahari vilikuwa vinazuia hata mawimbi.

Kisha akili ikamrudia, na ilivyorudi ilikuja na jambo baya. Jana mthamini naye alipitishwa ghorofa hizi. Mwanamke mwenye sukari hukosaje kwenda haja? Naye pia aliomba choo. Ukaguzi mzima, ghorofa kwa ghorofa, na akatoka chooni akakuta taa zimezimwa. Na hakuna wa kumtafuta, kwa sababu jengo limejaa. Mtu hapotei kwenye jengo lililojaa.

Akainuka akarudi chooni mbio. Bomba kubwa la chuma lilipanda ukutani kutoka sakafuni mpaka darini, likapenya kwenda juu. Akachomoa pingu kiunoni akaligonga nazo. Mara tatu. Akaweka sikio.

Kimya.

Akagonga tena, kwa hasira sasa, mpaka rangi ikabanduka.

Juu, mbali, kupita ghorofa ya kumi, kitu kikagonga. Dhaifu sana. Mara moja. Halafu tena mara moja, na hakikurudia.

"Niko hapa!" Shangazi alipiga kelele kwenye bomba. "Dada, usilale! Nakuja, usilale!" Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Kuja atakuja vipi, na yeye mwenyewe yumo kwenye kopo?

Alitoka na simu mkononi akizunguka ukuta wote kama mtu anayepiga chokaa, kona hii, kona ile, mpaka kwenye kona yenye mtungi wa kuzimia moto, juu ya meza, mkono umeinuliwa darini, vijiti viwili vikasimama. Kabla hajabonyeza, simu ikaita yenyewe. Sajini.

"Afande, nimeupata mkoba! Ulikuwa kwa binti mmoja kule sokoni, simu ya mthamini imo ndani. Analia, anasema amepewa na Meneja wake jana jioni, aondoke nao autupe mbali. Yeye akaona mkoba mzuri, akashindwa kuutupa."

"Meneja wake wa kazi gani?"

"Hapo ndipo sijaelewa. Anasema kazi yake ni kukaa."

"Kukaa wapi?"

"Kwenye kiti, Shangazi. Analipwa kukaa."

"Sajini, uko wapi sasa hivi?"

"Naingia mapokezi. Wewe uko wapi? Meneja huyu hapa anasema umeshatoka, mlango wa nyuma."

Shangazi alifumba macho. Uongo ulimtoka yule bwana kirahisi hivyo, kama kusema hujambo. "Niko ghorofa ya tisa, nimefungiwa. Usikate simu hata ufe. Weka sauti kubwa, kila mtu asikie. Nani yupo hapo?"

"Meneja. Wazee wawili wa benki. Mume wa mthamini."

"Vizuri. Meneja, unanisikia?"

Sauti ya Meneja ikaja, laini. "Inspekta, lazima kuna kutoelewana. Ghorofa ya tisa ina mpangaji, wapo watu ishirini humo kazini."

"Basi mpe simu mmoja wao, tusalimiane. Mimi niko juu ya meza yao na simwoni mtu."

Alisikia mtu akikohoa, labda mzee wa benki.

"Sina haja na ghorofa ya tisa," Shangazi akaendelea. "Mimi ninaweza kungoja. Kuna mtu ghorofa ya kumi na moja. Nimemgongea bomba, amenijibu, na hagongi tena. Fungua ya kumi na moja."

"Ile imepangishwa. Ufunguo wanao wapangaji. Kisheria siwezi kuingia kwenye eneo la mpangaji bila..."

"Mke wangu yuko juu?" Hiyo ilikuwa sauti ya kinyozi. "Afande, ni mke wangu?"

"Ndiyo, kaka. Yuko hai. Harakisha."

Pale mapokezi palitokea vurugu. Kiti kilianguka. Sajini alisema hebu, hebu, taratibu, mwachie kola. Kisha mzee mmoja akasema, kwa ile sauti ya mtu asiyezoea kurudia maneno, "Bwana Meneja. Kuna mpangaji ghorofa ya kumi na moja au hakuna?"

Shangazi, mkono umemuuma kwa kuinuliwa, alisikia hata pumzi za Meneja. Aliweza kumwona bila kumwona: shimo la jengo la pili upande mmoja, mwanamke upande mwingine, na yeye katikati na tabasamu lake. Kama angesema yupo, basi wapangaji wangemsikia mtu anayegonga. Kama angesema hayupo, hakuna mkopo.

"Sema!" Shangazi akapiga kelele. "Sema, mtu anakufa!"

"Hakuna," Meneja alisema. "Ya kumi na moja hakuna mtu. Ya kumi hakuna. Hakujawahi kuwa na mtu."

"Na ufunguo?"

"Ninao."

Walimpitia Shangazi njiani. Kufuli la ghorofa ya tisa lilifunguliwa na Sajini, Shangazi akatoka bila hata kushukuru, wakapanda ngazi pamoja, kinyozi mbele akiruka vidato viwili viwili, Meneja nyuma na funguo zikilia mkononi. Geti la kumi na moja lilivutwa.

Mthamini alikuwa amejikokota kutoka kwenye bomba la chooni akaanguka nyuma ya mlango wa kioo, kiatu kimoja mkononi, kisigino kimebanduka kwa kugonga. Midomo ilikuwa imepasuka. Alihema haraka haraka, pumzi fupi fupi. Mumewe alipiga magoti, akampima, akamdunga sindano kwa mkono uliotulia kuliko wote mle ndani, akaanza kumpa maji kwa kifuniko, kidogo kidogo. Sajini alikuwa akiliita gari la wagonjwa kwenye simu, anamtukana mtu aliyemwambia asubiri.

Shangazi alichuchumaa. Alitaka kumwacha apumzike. Lakini swali moja lilimkaa kooni. Mkoba ulitolewa jana jioni. Mtu hatupi mkoba wa mgeni ambaye anaamini ameshaondoka.

"Dada yangu, nijibu moja tu. Kuna mtu aliyejua umo humu?"

Mthamini alifumbua macho. Ilimchukua muda kuikusanya sauti.

"Mkoba na simu niliviacha mapokezi. Jana jioni alikuja mtu mlangoni," alisema. "Taa hakuna, sikumwona. Nikapiga kelele. Nikamwambia ni mimi, mthamini, nimefungiwa. Nikamwambia nina sukari." Akameza maji. "Akaniuliza, umeona nini kwenye ghorofa zingine? Nikasema nimeona hakuna watu. Akaniuliza, utaandika nini? Nikamwambia nitaandika hivyo hivyo nilivyoona."

"Halafu?"

"Akasema subiri, nakuletea ufunguo. Sauti nzuri, ya upole. Nikamshukuru."

Hakuna aliyegeuka kwa haraka. Waligeuka mmoja mmoja, Sajini, kisha Shangazi, kisha wale wazee wa benki waliokuwa wamefika juu wakihema. Meneja alikuwa amesimama getini, funguo mkononi, jasho limempenya kwenye suti.

"Ningefungua," alisema. "Naapa kwa watoto wangu. Wakishasaini tu ningefungua, leo hii hii mchana."

Kinyozi alikuwa bado anampa mkewe maji. Hakuinua hata uso.

"Mchana wa nani?" aliuliza.